Umenunua mfumo wa dukani, mzigo bado unaagiza kwa kukisia? Tujadili

#1 Mleta uzi (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni hesabu na stoo. Nimezunguka sana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini na kuna jambo linaniuma. Unaingia dukani, kompyuta iko kaunta, programu ya mauzo imelipiwa, mashine ya EFD inatoa risiti bila shida. Unamuuliza tajiri wiki hii anaagiza nini. Anatoka nje, anakagua rundo la mabati kwa macho, anarudi ndani na kumpigia simu msambazaji. Mfumo haukuulizwa kitu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili atakayepinga apinge: mfumo wa taarifa una faida pale tu ambapo kuna uamuzi unaofanyika tofauti kwa sababu yake. Kuagiza, kukopesha, kupandisha bei, kuacha kuuza bidhaa fulani. Kama maamuzi yako yote yangekuwa yaleyale hata kompyuta ikiharibika mwezi mzima, basi ulichonunua ni mashine ya kuchapa risiti. Na matajiri wengi hawaupuuzi mfumo kwa ukaidi. Waliusoma mara moja, wakakuta unawadanganya, wakaachana nao.

Unadanganyaje? Chukua misumari ya inchi nne. Inaingia kwa katoni ya kilo 25, inauzwa kwa kilo. Kijana wa stoo anapokea katoni 10, anaandika 10. Kijana wa kaunta anauza kilo 3, anaandika 3. Mfumo unasema zimebaki 7, wakati stoo kuna kilo 247. Kesho yake wakiuza kilo nyingine 8, mfumo unaonyesha hasi 1. Ubaya hauishii hapo. Bei ya kununulia iliyoingizwa ni ya katoni, ya kuuzia ni ya kilo, kwa hiyo ripoti ya faida inaonyesha kila kilo imeuzwa kwa hasara ya kutisha. Tajiri anaitazama ripoti hiyo, anajua fika misumari inamlipa, anafunga kompyuta. Tangu siku hiyo anaamini macho yake tu. Nyaya za umeme ni hivyohivyo, roli na mita. Rangi ni hivyohivyo, ndoo na lita.

Sasa msidhani haya ni ya kwetu tu. Kampuni ya maduka makubwa ya Target ya Marekani iliamua kuingia Kanada mwaka 2011, ikachukua maeneo ya Zellers, maduka ya hukohuko Kanada, kwa takriban dola bilioni 1.8 za Kanada. Maduka ya kwanza yakafunguliwa Machi 2013, na mwaka huo ukaisha yakiwa 124. Mwezi Januari 2015 wakatangaza wanafunga yote 133, na watu zaidi ya 17,000 wakapoteza kazi. Sababu zilikuwa kadhaa, bei zikiwemo, ila iliyoonekana kwa mteja ilikuwa moja: rafu tupu. Huku maghala yao yamefurika.

Waliotumia ule mfumo mpya walieleza baadaye kilichotokea. Taarifa za maelfu kwa maelfu ya bidhaa ziliingizwa kwa haraka, tena na vijana wageni wa kazi, ili tarehe ya ufunguzi isipite. Vipimo vingine viliingizwa kwa inchi mahali pa sentimita. Upana ukaandikwa kwenye nafasi ya urefu. Idadi ya vipande ndani ya boksi ikakosewa. Mfumo ukapanga mzigo usioenea kwenye rafu wala kwenye lori. Ule ulikuwa mfumo wa SAP, unaotumiwa na kampuni kubwa dunia nzima. Programu ilikuwa nzima, na kilichotiwa ndani yake ndicho kilichowaponza.

Kuna kipande kimoja cha habari ile ambacho sikisahau. Mfumo ulikuwa na swichi ya kuwasha au kuzima uagizaji wa moja kwa moja kwa kila bidhaa. Bidhaa iliyozimwa haikuhesabiwa kwenye ripoti ya bidhaa zilizokwisha rafuni. Baadhi ya wachambuzi wakaanza kuzima swichi kwa bidhaa zilizokwisha. Ripoti zao zikawa nzuri na mabosi wakaridhika, rafu zikiendelea kuwa tupu. Yaani taarifa iliyotakiwa kumwonyesha kiongozi tatizo ndiyo ikatumika kumficha, kwa sababu watu walikuwa wanapimwa kwayo.

Karibuni tujadili. Nyie kwenu ni uamuzi gani mmoja mnaoufanya kwa kutegemea mfumo?

#2 Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu umeandika vizuri lakini hizo ni kampuni kubwa. Mimi nina duka la vipodozi, nipo dukani kuanzia asubuhi mpaka nafunga, najua kila kopo lilipo. Macho yangu yananitosha. Mfumo wa nini?

#3 Mleta uzi

Mkuu sikubishii, mtu aliyekaa dukani kutwa anajua mengi kuliko kompyuta. Nakuuliza mawili tu. Siku ukifungua duka la pili, macho yatakaa wapi? Na je, macho yako yanaona kisichouzwa? Kinachotoka tunakiona wote. Kilicholala nyuma ya rafu tunakizoea mpaka kinakuwa sehemu ya ukuta. Mtaji unafia pale kimyakimya.

Kuhusu kampuni kubwa, nikupe habari ya migahawa ya chai. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za biashara haikuanzia benki wala jeshini. Ilikuwa ya J. Lyons, kampuni ya London iliyouza chai, keki na mikate. Waliisaidia timu ya Chuo Kikuu cha Cambridge pauni 3,000 kwenye kompyuta yao, kisha wakajenga ya kwao wakaiita LEO. Mwaka 1951 ikaanza kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka kiwandani.

Kinachonivutia ni walivyoifanyia kazi migahawa yenyewe miaka michache baadaye. Tatizo lao lilikuwa hili: keki ya leo kesho haiuziki, kwa hiyo lazima kila siku wajue kila mgahawa upelekewe nini asubuhi. Wangeweza kumlazimisha kila msimamizi aandike oda ndefu kila siku, na makosa yangejaa. Wao waliweka oda ya kawaida ya kila mgahawa ndani ya mfumo, na msimamizi akawa anapigiwa simu mchana kutaja mabadiliko tu. Kesho ongeza hiki, punguza kile. Aliyepokea simu anachapa kadi, na mashine inatoa maelekezo ya uokaji, upakiaji na usafirishaji.

Walianza na uamuzi, kwamba kesho tuoke kiasi gani, ndipo wakauliza uamuzi huo unahitaji taarifa gani, kutoka kwa nani, saa ngapi. Sisi tunaanza na programu tuliyoonyeshwa na muuzaji, kisha tunatafuta kazi ya kuipa. Na hiyo ilikuwa miaka ya 1950, mkuu, mashine imejaza chumba kizima na uwezo wake haufikii hata robo ya simu yako.

Duka lako la vipodozi linaweza kufanya hivyo kwa daftari la kaunta. Sikulazimishi kompyuta.

#4 Mchangiaji (Mbeya)

Madini haya. Mimi ni wakala wa pesa za mtandao, mitandao yote. Mfumo wangu unanionyesha salio na miamala, basi. Shida yangu kila siku ni floti (salio langu la mtandaoni) na keshi. Asubuhi wote wanataka kutoa, keshi inakwisha. Jioni wenye maduka wanaleta kuweka, floti inakwisha. Hapo mfumo unanisaidia nini?

#5 Mleta uzi

Umegusa kitu kikubwa sana, na wafanyabiashara wengi hawakioni. Mfumo wako unarekodi miamala iliyofanyika. Mteja aliyefika, ukamwambia keshi au floti hakuna, akaenda kwa jirani, huyo hayupo popote kwenye kumbukumbu. Ukisoma ripoti ya mwezi utaona jioni una miamala michache ya kuweka, utasema jioni wateja hawapo. Wapo. Umewarudisha wewe.

Hata kwenye saruji ni vivyo hivyo. Duka likikosa saruji wiki mbili, ripoti itaonyesha mauzo ya saruji yameshuka mwezi huo. Tajiri anayesoma bila kufikiri ataagiza kidogo zaidi mwezi ujao, na atakosa tena. Mauzo yameshushwa na rafu tupu, yeye anadhani yameshushwa na wateja.

Kwa hiyo weka daftari dogo la waliokosa. Kila unayemrudisha, andika saa, alitaka kutoa au kuweka, mtandao gani, kiasi gani. Usiandike jina, halina kazi hapa. Ukilijaza mwezi mmoja bila kuruka siku utaona mchoro wako mwenyewe: siku za mishahara, siku za mnada, Januari ya ada za shule, wiki ambazo mazao yanauzwa na wakulima wana fedha mkononi. Hapo utaamua asubuhi uanze na keshi kiasi gani, na saa ngapi uende kubadilisha kabla haijakwisha. Salio la kwenye simu linakueleza ulichonacho sasa, ila hilo daftari ndilo litakalokuambia saa nne utahitaji nini.

#6 Mchangiaji (Arusha)

Swali kwa mleta uzi. Mfumo ukionyesha kuna upungufu wa fedha na keshia anakataa kabisa, unaamini nani? Mimi nakata kwenye mshahara. Mfumo hauna undugu na mtu.

#7 Mleta uzi

Mkuu hapa naomba tusimame kidogo, maana kuna watu wamefungwa na wengine wamekufa kwa kauli kama hiyo.

Shirika la Posta la Uingereza lilianza mwaka 1999 kusambaza mfumo uitwao Horizon kwenye matawi yake. Mfumo ulitengenezwa na kampuni ya ICL, iliyokuwa chini ya Fujitsu ya Japani. Matawi mengi huendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, aghalabu duka dogo la kijijini lenye dirisha la posta ndani. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha. Mkataba ulimtaka mwenye tawi alipe. Wengine walilipa kwa akiba zao, wengine wakaweka nyumba rehani. Walioshindwa walishtakiwa kwa wizi na hesabu za uongo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengi wao wakishtakiwa na shirika lenyewe. Kuna waliofungwa, waliofilisika, na waliojiua.

Mwaka 2019, kwenye kesi ya walalamikaji 555 wakiongozwa na Alan Bates, aliyewahi kuendesha tawi, Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kusababisha upungufu ule. Ikathibitika pia kuwa mafundi wa Fujitsu waliweza kuingia kwenye hesabu za tawi wakiwa mbali, jambo ambalo shirika lilikuwa limelikana. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo.

Wengi wa walioonewa wanasema walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Fikiri kama kiongozi. Una mtandao wa maelfu ya matawi, watu waliofanya kazi kwa uaminifu miaka mingi, na baada ya kufunga mfumo mpya mamia kati yao wanageuka wezi kwa mpigo. Taarifa muhimu kuliko zote ilikuwa pale pale, kwenye idadi ya malalamiko. Haikuhitaji fundi wa kompyuta kuisoma. Ilihitaji mkubwa mmoja aulize kwa nini. Na kwa sababu uamuzi ulishafanyika kwamba mfumo haukosei, kila lalamiko jipya lilihesabiwa kuwa ushahidi wa mwizi mpya.

Sasa turudi Arusha. Kabla ya kukata mshahara wa mtu, kaeni wote wawili mpitie miamala ya siku ile mmoja mmoja. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mteja kulipa kwa lipa namba na keshia kubonyeza keshi. Fedha imeingia kwenye simu ya ofisi, droo inaonekana pungufu, na binti wa watu anaitwa mwizi. La pili ni watu wawili kutumia neno la siri moja. Zamu zikipishana bila kuhesabiana fedha, huwezi kumdai yeyote kwa haki. La tatu ni mauzo yaliyofutwa: angalia nani kafuta na saa ngapi. Ukishapita hapo na bado pana pengo, basi zungumza habari ya wizi. Ila ukikuta pengo liko kwa makeshia wote, hata wapya, usitafute mwizi. Tafuta tatizo kwenye mfumo au kwenye utaratibu wako.

#8 Mchangiaji (Arusha)

Hilo la lipa namba nitaliangalia kesho asubuhi. Asante mkuu.

#9 Mchangiaji (Nairobi)

Mimi shida yangu ni tofauti. Mfumo wetu una ripoti nyingi mno. Kila Jumatatu napata barua pepe ya kurasa nyingi, sijui nianze wapi. Mwishowe sisomi.

#10 Mleta uzi

Huna kosa. Mwaka 1967 msomi mmoja wa menejimenti wa Marekani, Russell Ackoff, aliandika kwamba viongozi wanaumizwa zaidi na wingi wa taarifa zisizowahusu kuliko uhaba wa zinazowahusu. Wakati huo taarifa zilichapwa kwenye karatasi. Sasa zinaingia simuni usiku na mchana.

Fanya hivi: kila ripoti iulize itakufanya uamue nini wiki hii. Isiyo na jibu iondoe kwenye barua pepe, ibaki kwenye mfumo kwa atakayeihitaji. Kwa duka la bidhaa, mimi hubaki na chache sana. Orodha ya bidhaa ambazo hazijauzwa hata moja kwa siku 90, ili niamue kushusha bei au kumrudishia msambazaji. Faida ghafi ya kila bidhaa, yaani bei ya kuuzia ukitoa ya kununulia, ili nijue inayouza sana na haibakizi kitu. Na madeni.

Madeni ndiyo nataka tuyaseme. Kwenye vifaa vya ujenzi mafundi wanachukua mali kwa mkopo, wanalipa mwenye nyumba akitoa fedha. Tajiri ana ripoti nzuri ya madeni ofisini, imepangwa kwa umri: ya ndani ya siku 30, ya 60, ya 90 na kuendelea. Anaisoma mwisho wa mwezi, anaumia roho. Lakini anayeamua kama fundi fulani apewe mifuko mingine ya saruji saa tatu asubuhi ni kijana wa kaunta, na kijana huyo hajui kwamba fundi ana deni la miezi minne. Taarifa iko kwa mtu mmoja, uamuzi uko kwa mwingine. Mfumo unaofaa ungezuia pale pale kaunta: jina likiingizwa, deni lililopitiliza linaonekana na mauzo ya mkopo yanakataa mpaka tajiri aruhusu. Programu nyingi zina uwezo huo, haujawashwa tu. Kama huna, karatasi yenye majina ya waliopitiliza iliyobandikwa upande wa ndani wa kaunta, ikibadilishwa kila Jumamosi, inafanya kazi hiyohiyo. Iwe upande wa ndani, tafadhali, madeni ya watu si tangazo.

#11 Mchangiaji (Morogoro)

Nimekuelewa vizuri. Kuhusu kuagiza, kuna hesabu yoyote rahisi? Mimi nauza saruji na nondo.

#12 Mleta uzi

Ipo. Wastani wa mauzo ya siku, zidisha kwa siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba. Tuseme unauza mifuko 20 kwa siku, mzigo unachukua siku 4 kufika, na unataka akiba ya siku 2. Ni 80 jumlisha 40, mifuko 120. Stoo ikishuka hadi hapo, agiza siku hiyohiyo.

Angalia mawili. Siku za kusubiri usichukue alizokutajia msambazaji. Chukua zilizoko kwenye kumbukumbu zako, tarehe uliyoagiza na tarehe mzigo uliposhuka. Akikuambia siku 2 na kumbukumbu zinasema 5, amini kumbukumbu. Na wastani usiuchukue wa mwaka mzima. Masika ujenzi unapungua, kiangazi unapanda, kwa hiyo tumia wiki chache zilizopita na ulinganishe na msimu kama huu mwaka jana. Siku ambazo saruji haikuwepo zitoe kwenye wastani, nilivyomweleza ndugu yetu wa Mbeya.

#13 Mchangiaji (Tanga)

Swali la mwisho kwangu. Nina bidhaa kama elfu mbili kwenye mfumo na namba zote zimeharibika, hasi kila mahali. Nifunge duka nihesabu upya?

#14 Mleta uzi

Usifunge. Ukihesabu zote siku moja bila kurekebisha kilichoziharibu, baada ya muda mfupi zitaharibika tena.

Anza na mapokezi. Kaa na kijana wa stoo na ankara mkononi, mkubaliane kila bidhaa inaingia kwa kipimo kipi na inatoka kwa kipi, na mfumo ufanye ubadilishaji. Katoni moja ya misumari, kilo 25. Roli moja ya waya, mita zake. Bidhaa zinazotoka sana zitangulie, maana hizo ndizo zinazobeba mauzo yako. Zilizolala zitasubiri, haziendi popote.

Halafu hesabu kidogo kidogo kila asubuhi kabla ya kufungua, bidhaa chache, kwa zamu. Anayehesabu asionyeshwe namba ya mfumo kwanza. Akiijua, ataandika hiyohiyo. Palipo na tofauti tafuta sababu yake siku hiyo, wakati watu bado wanakumbuka.

Na ruhusa ya kufungua bidhaa mpya kwenye mfumo mpe mtu mmoja tu. Nina uhakika ukitafuta utakuta "bati nyekundu 28", "bati geji 28 nyekundu" na "bati red G28", zote bati lilelile. Mzigo uliingia kwa jina la kwanza, mauzo yanatoka kwa la pili, ndiyo maana moja lina ziada na jingine lina hasi. Majina hayo yaunganishe kwanza, kabla hujamtuma kijana kuhesabu, vinginevyo atalihesabu rundo moja mara tatu.